Plasta ya Shemeji

Shemeji, mume wa dada yangu, alinunua mashine ndogo ya kukamulia mafuta ya alizeti, akaiweka jikoni. Siku ya kwanza tu aling'oa kifuniko cha mdomoni. "Kinachelewesha kazi," alisema, akawa anasukuma mbegu kwa kidole.

Alhamisi mashine ikagoma, akaniita mimi, fundi wa familia. Nilipoifungua, harufu ilinipiga usoni nikarudi nyuma. Mashudu yalikuwa yameoza ndani, yameota ukungu wa kijani, na mende wawili wamesagika humo humo.

"Huisafishi?"

"Mafuta yanajisafisha yenyewe, shemeji."

Mtu mzima na ndevu zake! Nikachokonoa kwa bisibisi. Kikatoka kitu cheusi, kimelowa mafuta chapachapa. Ilikuwa plasta, na kipande cha ukucha kimenata ndani yake.

Shemeji akatazama kidole chake, uso ukamchangamka. "Kumbe ilinasa huku! Naitafuta tangu Jumapili."

Jumatatu ndipo aliponiletea chupa ya mafuta, na mimi, kwa mdomo wangu huu, nilimwambia mafuta ya safari hii yana ladha ya pekee.