Meli Iliyogawanywa Mafungu Matatu

Asubuhi ya siku aliyofariki, Mwalimu Jilala alikuwa ametoka kuizamisha meli. Ilikuwa Jumanne. Mkewe, Milembe, aliandika kama alivyoambiwa: tarehe 11 Julai 1915, Wajerumani waliilipua wenyewe manowari yao Königsberg ndani ya mto Rufiji, Waingereza wasije wakaichukua.

"Weka nukta," mzee akasema. "Kesho tunaanza mizinga iliyotolewa melini. Hapo ndipo babu yangu anaingia na kamba yake ya kuvutia begani."

Akaenda kujilaza. Saa sita Milembe alipompelekea uji, hakuwepo tena duniani.

Miaka mitatu walikuwa wameishi na meli hiyo. Macho ya mwalimu yalikuwa yameingia ukungu, kwa hiyo yeye alisema na Milembe akaandika, kila siku baada ya chai, nyumbani kwao Bariadi. Mara ngapi alichoka! Mboga zinaungua jikoni, yeye anaambiwa afute "bunduki" aandike "mzinga". Yakatoka madaftari makubwa matatu. La kwanza lilieleza meli ilivyofika Dar es Salaam hadi ikaizamisha manowari ya Waingereza Zanzibar. La pili, miezi ya kujificha Rufiji, mashine mbovu zikivutwa na watu hadi Dar es Salaam kutengenezwa. La tatu, mwisho wake.

Siku ya kumaliza matanga, ukoo ukagawa vitu vya marehemu. Koti kwa huyu, kiti kwa yule. Milembe alikuwa nje anapakua ubwabwa. Aliporudi ndani, meli nayo ilikuwa imeshagawanywa. Daftari la kwanza alipewa Ngassa wa Kimali, mdogo wa marehemu. La tatu, dada yao Specioza wa Ngulyati. Mjane akabakiziwa la katikati, na watu wakamtazama kana kwamba wanasubiri ashukuru.

Milembe alipoyadai madaftari, Specioza alilirudisha la kwake bila maneno, likiwa na duara jeusi la sufuria kwenye jalada. Ngassa alikuwa habari nyingine. Simu ya kwanza alisema yuko shambani, ya pili yuko mnadani, ya tatu hakupokea. Alhamisi moja Milembe akapanda basi, akamalizia safari kwa bodaboda.

"Mwangaluka, shemeji."

"Mwangaluka. Umekuja kunikamata?"

"Nimefuata daftari."

"Lile ni fungu langu. Kilichogawanywa msibani hakirudishwi."

"Ngassa, kile ni kitabu kimoja! Mimi ninayo meli imejificha, haijulikani imetoka wapi wala inamkimbia nani!"

"Mbona ng'ombe wa baba tuligawana, na walikuwa kundi moja?"

"Ng'ombe ukimtoa kundini bado anatoa maziwa. Hilo daftari peke yake linakupa nini? Umelisoma hata?"

"Macho yangu na ya kaka ni yaleyale."

Shida, mke wa Ngassa, akaangua kicheko kwenye mahindi aliyokuwa akipukuchua. "Analifunga kwenye sanduku, dada, na ufunguo anaogea nao!"

Ngassa hakucheka. "Wewe alikusimulia miaka mitatu," akasema. "Babu aliyevuta mzinga ni babu yangu mimi, siyo wako. Kaka hakuniita hata siku moja nikae nisikilize. Leo nimepata kipande, nacho unakifuata kwa bodaboda."

Milembe alikuwa na jibu kali, amelipanga njia nzima tangu Bariadi. Lakini kilichomuudhi kuliko yote ni kwamba shemeji yake alikuwa anasema kweli.

"Lilete basi," akasema, akavuta stuli kwa hasira. "Nitalinakili hapahapa kwako, na kila ninachonakili nitakisoma kwa sauti."

"Na ukiruka?"

"Niruke nini, Ngassa! Niliandika kila neno kwa mkono huu!"

"Shida atakaa nyuma yako. Yeye anajua kusoma."

Sasa Milembe huenda Kimali kila Alhamisi. Hunakili kurasa mbili, mara chache tatu, kwa sababu Ngassa humkatiza kila mstari akiuliza makaa ya mawe yalitoka wapi na nahodha alikula nini. Wamefika Septemba 1914. Meli iko njiani kwenda Zanzibar.