Yule Mkubwa

Alikuwa amesimama peke yake kando ya rundo la mavi ya mama yake, kichwa chini, kama mtoto aliyekuta nyumba imefungwa. Picha ilitoka kwenye kamera iliyofungwa mtini, kule hifadhini, mbali kaskazini. Mimi niliitazama Lubumbashi, katika ofisi yetu ya Luano, kando ya uwanja wa ndege, ambako ndege ikiruka vikombe vya chai hutetemeka mezani. Nilimtambua kwa alama tuliyomkata sikioni. Chola. Tangu azaliwe, kifaru yule hakuwahi kupiga hatua mbali na ubavu wa mama yake.

"Mama yake ameuawa," niliiambia ofisi nzima.

Ndiyo, mimi ndiye niliyelisema. Donat, mkuu wetu, asisingiziwe.

Kazi yangu ni kuwafuatilia vifaru kwa macho: nani amepita wapi, amekula nini, ameongozana na nani, amekunya wapi. Majirani zangu wa Kampemba hunicheka kwamba mtu mzima analipwa kuangalia mavi. Nacheka nao. Kutulia sijui tangu zamani, na Donat huniita Sisimizi. Lakini siku ile hata yeye alikuwa akizunguka meza. Kifaa cha kumfuatilia tulichoficha ndani ya pembe ya yule mama kilikuwa kimekufa betri, na walinzi walikuwa wamemtafuta bila kumwona. Vital, kiongozi wao, aliongea kwa redio, roho juu.

"Chola iko nazunguka tu, iko nalia. Mama yake hatuyamuona. Kule ku mutoni pori iko nguvu, hatuone mbele."

"Antoine atie mafuta," Donat akasema.

Antoine ni rubani wetu, na kindege chetu kilikuwa pale nje. Kama yule mama ameuawa, kila dakika ilikuwa zawadi kwa majangili, nao mpaka hauko mbali. Tena huyo ndiye jike pekee aliyewahi kuzaa hifadhini. Bila yeye tungebaki kuwalinda wazee hadi wa mwisho afe. Nilikwenda dirishani, nikarudi, nikaenda tena. Mikono ilitaka kazi, basi nikafungua picha za nyuma.

Ndipo nikaikuta moja. Niliiona siku ilipoingia, nikacheka, nikaipita. Mama ameinamisha kichwa, pembe yake inamsukuma Chola ubavuni, na Chola anakimbia, macho yamemtoka.

Nikarudi utotoni. Nikaliona lori.

Lilikuwa lori la kwenda Kilwa, ile ya kwetu ziwani, kuchukua samaki, nami nilikuwa juu yake, nimekaa kwenye magunia matupu, nimeng'ang'ania chuma cha ubavuni. Mama yangu, Mama Josée, tumbo limemtangulia, alikuwa akinibandua vidole, kimoja baada ya kingine. "Weye enda! Enda kwa kambo yako!" Alinikemea kama anamfukuza mbwa jikoni. Kwetu, mwanamke akikaribia kujifungua, mtoto anayemshika sketi hupelekwa kwa kambo, yaani bibi yake, ili mgeni apate nafasi. Kila mtu anajua, ila mtoto mwenyewe hakuna anayemwambia. Kule Kilwa kila lori lililotoka mjini lilinikuta barabarani, nimeinamisha kichwa. Wanawake wa samaki walinisikitikia: maskini, huyu amefiwa na mama. Nikawaamini. Nililia kilio cha msiba kwa mama aliyekuwa mzima, akimnyonyesha mdogo wangu Lévi.

"Shefu, ngoja. Ndege isiruke."

"Glodie, si weye njo ulisema alikufa?"

"Nilisema. Sasa ona hii. Mama mwenyewe alimufukuza Chola. Iko na mimba, ao amekwisha kuzaa, mule mu pori. Ndege ikipita juu atakimbia, na kale katoto katabakia na fisi."

"Na kama unajidanganya?"

"Basi bale majangili bameshaenda na pembe, na ni makosa yangu."

Tumbo la kifaru halisemi kama lina mimba, na Donat alijua hilo sawa na mimi. Aliitazama picha hadi nikataka kumpokonya. Kisha akatoka nje mwenyewe kumwambia Antoine azime injini. Aliporudi hakuniita Sisimizi.

"Mupaka kesho asubuyi," alisema.

Sikula. Sikukaa. Nilirudi Kampemba kwa miguu, na kila pikipiki ilipopita nilitaka kuisimamisha, nirudi nikawaambie waruke. Niliogopa. Mtu hawezi kuijua roho ya kifaru kwa sababu aliwahi kupandishwa lori.

Asubuhi Vital, aliyenyemelea porini kwa miguu, alinong'ona redioni, nasi sote tukainamia kile kidude.

"Glodie. Kuko katoto. Iko nanyonya."

Antoine alipiga meza, Donat alinikumbatia hadi mbavu zikaniuma. Halafu maswali: dume au jike? Ana nguvu? Tumpe jina gani? Nililia mbele yao bila haya.

Mchana nilimpelekea Mama simu yangu sokoni Kampemba, anakouza samaki wakavu wa Kilwa. Nilimsimulia yote, hata lori. Tulikuwa hatujawahi kulitaja, mimi na yeye. Alijifuta mikono kwenye kitenge, akaishika simu yenye picha ya katoto aliyotutumia Vital, akaitazama. Nilingoja aulize jina.

"Na ule mukubwa?" akasema. "Mama yake alimurudisha?"

Hakuna mwingine aliyekuwa ameuliza. Hata mimi.

"Bado, Mama. Saa ingine banarudiaka kwa mama yao. Saa ingine hapana."

Mimi nilirudi Lévi alipokuwa tayari anakimbia, nikawasalimia kama mgeni, na hadi leo nikiwa kwetu hukaa karibu na mlango. Mama alilijua hilo. Aliirudisha simu, na nilipoipokea akanishika vidole, vyote kwa pamoja.

Mteja aliuliza bei ya samaki. Akauliza tena. Mama hakuniachia.