Kikombe cha Mama Mkwe

Ni wanaume wachache waliowahi kumfungia mama mkwe ndani ya tufe la chuma, wakamshusha baharini, na watu wakawapigia makofi. Mimi nimefanya hivyo, tena kwa mshahara.

Yeye alikuwa mtafiti wa viumbe wa kilindini. Mimi mwendesha winchi, ile mashine ya kuvutia kamba, wa meli iliyobeba nyambizi yake ndogo. Aliniita Kabati, kwa sababu siku aliyohama nyumba kabati lake liliniponyoka ngazini, likafika chini likiwa kuni.

Safari ile ilikuwa ya mwisho kabla hajastaafu. Alitaka kiumbe mmoja laini kama uji mzito. Safari mbili za nyuma, nyambizi ikivutwa na watu wengine, alimpata, lakini kiumbe akafika juu vipande vipande.

"Kabati," aliniambia akiingia kwenye nyambizi, chupa ya chai kwapani, "huyu si fanicha."

"Nimesikia, mama."

"Hata siku ile ngazini ulisikia."

Alasiri nyambizi ilipoibuka, bahari ilikuwa imechafuka. Mzamiaji akaipanda mgongoni, akanasisha ndoano ya kamba, akajitupa kando. Ikabaki kazi yangu: kuvuta wakati wimbi linaipandisha. Ukivuta linaposhuka, kamba inashtuka, na kilicho laini kinakwisha.

Wimbi la kwanza nililiacha. La pili pia.

"Mkwe, umelala?" redio ikauliza.

"Nachagua wimbi, mama."

"Mbona mke hukumchagua kwa muda wote huu?"

Nahodha alicheka mpaka akashika reli. Mimi jasho lilikuwa limefika kwenye soksi.

Likaja wimbi pana, lisilo na haraka. Likaiinua nyambizi, nami nikavuta pamoja nalo, kama unavyomshika mkono mgonjwa anayeinuka mwenyewe. Ikaning'inia, ikazunguka kidogo, ikatua kwenye sitaha kimya.

Mama mkwe alitoka, akaenda moja kwa moja kwenye tangi la maji lililofungwa mbele ya nyambizi. Kiumbe alikuwa mzima, anajikunja na kujikunjua. Mama mkwe alimkagua pande zote. Kisha akanipa kikombe cha chai. Kumbe alikijaza pomoni kabla sijaanza kuvuta, anipime. Sasa kilikuwa nusu.

"Nimemwaga yote hiyo?" nikauliza.

"Hata tone. Nusu niliinywa nikiwa naning'inia."

"Hukushika chochote?"

"Nilishika kikombe. Hiyo iliyobaki ni yako. Kunywa, na usikiangushe, Kabati."