Kikebe Kisichotema Poda

Katika nyumba ya Shangazi, chafya ilipigwa nje. Ukihisi pua inawasha, ulisimama, ukafungua mlango taratibu, ukatoka mpaka kwenye ngazi, ukamaliza shida zako huko, ndipo ukarudi. Hakuna aliyeibandika sheria hiyo ukutani, wala hakuna aliyeivunja. Chumba cha mbele, ambacho kwa wengine kingekuwa sebule, Shangazi alikigeuza kuwa chumba cha poda: meza ndefu iliyowambwa bati, machekeche ya vitambaa vizito na vyepesi, mabakuli ya rangi kuanzia wekundu wa tofali hadi weusi wa kahawa iliyoungua, na mizani ndogo iliyofunikwa kitambaa cheupe. Poda ya uso ikishachekechwa mara ya mwisho huwa nyepesi kuliko moshi. Mtu akipita kwa kasi, inamfuata.

Kwa hiyo watu wa nyumba ile hawakupita kwa kasi. Mume wa Shangazi, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Kimya, alikunja gazeti kama mtu anayemlaza mtoto. Shangazi alifunga droo kwa vidole viwili. Na binti wa kaka yake, aliyelelewa pale tangu utotoni, alipita juu ya sakafu ya mbao bila ubao mmoja kulalamika. Walimwita Penseli kwa sababu hakukosa penseli kwenye nywele. Siku nyingine penseli zilikuwa mbili, na ya pili hakuwa na habari nayo.

Poda ya Shangazi ilipendwa. Kilicholaaniwa ni kopo lake. Lilikuwa pana kama kisahani cha chai, na kifuniko chake kilikuwa cha kubandika tu. Ukilitia mkobani asubuhi, ifikapo mchana funguo, kitana na simu vyote vilikuwa vimejipodoa kabla yako. Mwenye duka la vipodozi, mwanamke asiyependa kurudia maneno, alimweleza Shangazi wazi. Alikuwa anafungua duka la pili mwisho wa mwezi. Rafu iliyo karibu na mlango angempa yeye, ikiwa poda ingekuja katika kikebe cha kubeba mkobani, chenye kioo chake. Isipokuja hivyo, rafu ilikuwa na mwingine anayeisubiri.

"Mimi mwenyewe naipaka poda yako," alisema. "Lakini siwezi kumuuzia mtu kitu kitakachomchafulia mkoba halafu anirudie mimi."

Penseli alikuwa amesomea ubunifu wa vyombo chuoni, na tangu ahitimu alikuwa akichora birika na vishikio vya milango vya watu wengine. Hiki kilikuwa chake. Alichora mpaka mkebe wa kuchongea penseli ukajaa maganda. Mwisho alichonga mfano kwa plastiki ngumu, akausugua kwa msasa hadi ukateleza mkononi kama kokoto ya mtoni. Kilikuwa kikebe cha mviringo, kinachokaa kiganjani. Nyuma kilikuwa na bawaba, mbele kifungo cha kubonyeza, na kioo ndani ya kifuniko. Chini kilikuwa na kisima cha poda, na juu ya kisima sahani nyembamba yenye vitundu, kisha sponji. Ukikipindua kidogo, poda inapenya kwenye vitundu na kulamba sponji. Unajipaka, unafunga, unaondoka.

Walikijaribu wote watatu. Shangazi alitembea nacho mkobani. Penseli alikilalia chini ya mto. Mzee Kimya alikitia kwenye mfuko wa koti akaenda nacho matembezini, akarudi, akakifungua, akawaonyesha. Hata chembe. Shangazi alikiweka mezani akakitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mwanangu, umenitoa kwenye kopo."

Fundi wa kalibu aliwapa nafasi ya asubuhi moja kwenye mashine yake. Yeye ndiye angechonga chuma ambacho vikebe vyote vingefinyangiwa ndani yake. Alisisitiza jambo moja.

"Plastiki ina huruma," alisema. "Unakosea, unasugua, unasamehewa. Chuma hakina. Nikishakichonga, kosa lako utaliona katika kila kikebe mpaka uzeeke. Na ukikosa asubuhi yako, mashine inakwenda kwa watu wa vifuniko vya chupa. Wale wakiingia, tutaonana mwezi ujao."

Siku moja kabla ya asubuhi hiyo, saa za alasiri, Wifi alikuja kuwatembelea.

Wifi alikuwa mke wa kaka yake Penseli, mwalimu wa michezo katika shule ya wasichana, na alikuwa mtu wa kuingia mlangoni kama mpira unaoingia golini. Ndoa yao ilikuwa bado changa, na katika ziara yake ya kwanza aliona nyumba ina joto, akawasha feni. Poda iliyokuwa ikisubiri kupakiwa ikawapaka watu, mapazia na paka wa jirani. Tangu siku ile alikuwa amepigwa marufuku kuingia chumba cha poda. Alipokelewa jikoni.

"Hamjambo wakimya?" alisema, akavuta kiti kikapiga mluzi sakafuni. Mzee Kimya alifumba macho kidogo. "Leo msinione nimevaa hivi mkadhani nimepata kazi benki. Tulikuwa na mkutano wa wazazi. Soksi hizi za nailoni zinanibana kama mkwe."

"Mkwe hasikii, sema tu," alisema Shangazi.

"Nasikia kuna kidude kipya. Mume wangu kutwa anajisifu, utadhani kakichora yeye."

Penseli alikileta kikiwa kimelazwa juu ya kitambaa. Kilikuwa kimejazwa poda ya rangi ya karanga iliyokaangwa, ile iliyopendwa kuliko zote. Wifi alikikwapua kwa mkono mmoja, akabonyeza kwa kidole gumba, akakifyatua kama anayefungua soda.

Kulisikika mlio mdogo tu. *Pfu.* Wingu lilipanda likasimama hewani, kisha likaanza kushuka bila haraka: juu ya nyusi za Wifi, juu ya kola yake, juu ya chai ya Mzee Kimya.

Mzee Kimya alikisukuma kikombe pembeni kwa kidole kimoja.

"Wifi yangu," alisema Wifi, uso wake ukiwa na rangi mbili, "hiki ni cha kujipaka au cha kumpulizia mtu?"

"Umekifungua vibaya," alisema Shangazi.

"Kwani kinafunguliwaje?"

Shangazi alikichukua. Alikishika kwa mikono miwili, akabonyeza, akakiacha kifuniko kijiinue, akangoja kidogo, ndipo akakimalizia. Hakikutoka kitu.

"Unaona? Haraka haraka haina baraka."

"Shangazi, na chelewa chelewa? Mimi najipodoa mlangoni, mguu mmoja kwenye kiatu na mwingine unakitafuta mwenzake. Nikingoja kifuniko kiamke chenyewe, kengele ya shule italia na mimi bado niko kwangu."

"Basi tutaandika juu yake: fungua polepole."

"Andika na chini: pumua kwa ruhusa."

Mzee Kimya alitoa sauti puani ambayo kwa mtu mwingine ingekuwa kicheko. Penseli hakucheka. Alikuwa amekichukua kikebe, amekijaza upya, na sasa alikifyatua kwa nguvu, kama alivyofanya Wifi. *Pfu.* Akajaza tena, akafyatua tena. *Pfu.* Kifuniko kilikuwa kimekaa barabara mno. Ukikivuta ghafla kinanyonya hewa kama pampu ya baiskeli, na hewa hiyo haina pa kupita ila kwenye vitundu, na ikipita haiji peke yake.

Aliweka kikebe chini. Masikio yake yalikuwa yanawaka moto.

"Tulikijaribu sisi watatu," alisema. "Shangazi, sisi watatu. Kuna mtu humu ndani aliyewahi kufungua kitu kwa nguvu? Hata mtungi wa achari tunaubembeleza."

Shangazi alielewa, na kwa sababu alielewa akakasirika. "Mashine ni kesho asubuhi. Tukiikosa, rafu imekwenda. Watu watajifunza kukifungua."

"Hawatajifunza. Watakifungua dukani palepale, mbele ya yule mama, na kitamtemea."

Shangazi alijipangusa mikono ambayo haikuwa na kitu. Nje jua lilikuwa bado liko juu ya mapaa, na Penseli alilitazama kama mtu anayepima kitambaa, kuona kama kitatosha nguo.

"Wifi, usiondoke," alisema. "Njoo chumba cha poda."

"Mimi? Chumba kile? Shangazi, umesikia kwa masikio yako, nisije nikashitakiwa."

"Ingia," alisema Shangazi. "Lakini feni uione hivyohivyo."

Kwanza Penseli alichonga sahani nyingine yenye vitundu vidogo zaidi. Wifi alifyatua, wingu likawa dogo zaidi, lakini lilikuwa wingu. Kisha akatengeneza kifuniko cha ndani cha kuzungusha: ukizungusha huku vitundu vinafunguka, ukizungusha kule vinafungwa. Wifi alifyatua, na poda haikutoka. Shangazi akaanza kutabasamu. Wifi akazungusha, akajipaka, akafunga, akafyatua tena. *Pfu.*

"Hukuzungusha kurudisha," alisema Penseli.

"Mimi hata bomba la maji nasahau kulifunga. Muulize kaka yako, anaishi na mafuriko."

Shangazi, ambaye alikuwa amekaa kando akisafisha chekeche lisilohitaji kusafishwa, alisema bila kuinua uso, "Chekeche hili la mwisho halitoi poda kwa kutikiswa. Ukilitikisa mpaka kesho, hakuna. Linataka kiganja. Ulikandamize kidogo, ndipo linaachia."

Penseli aligeuka. "Hata ukilipindua?"

"Hata ukilipindua. Kitambaa kikiwa kimelala juu ya poda yenyewe, bila nafasi katikati, poda inakwenda wapi?"

Walikata kipande cha kitambaa cha chekeche, wakakiwamba juu ya kisima kilichojazwa hadi ukingoni. Wifi alifyatua. Kimya. Alifyatua tena na tena, kila mara kwa nguvu zaidi, na hewa ya chumba ikabaki safi. Lakini alipogusa kwa sponji, sponji lilitoka kavu. Kitambaa kilikuwa kigumu kama ngoma, hakikubali kubonyea.

"Sasa kimekuwa bahili," alisema Wifi.

"Kinataka kitu kinachovutika," alisema Penseli. "Kinabonyea chini ya kidole, kidole kikiondoka kinarudi. Chepesi, lakini kinabana." Macho yake yakashuka polepole hadi kwenye miguu ya Wifi.

Wifi aliyafuata macho yale. "Hapana."

"Zinakubana kama mkwe, umesema mwenyewe."

"Ni mpya hizi."

"Wifi yangu kipenzi."

"Leo ndiyo nimekuwa kipenzi. Mzee, geuka ukutani."

Mzee Kimya alitoka kabisa, na kwa heshima zaidi akaufunga mlango.

Penseli aliiwamba nailoni juu ya kisima cha mfano wa pili, aliokuwa ameuchonga uwe akiba, na kuibana kwa pete aliyoikata kwenye ukingo wa kopo la zamani. Kisha akachukua tupa akatia mfuo mdogo nyuma, karibu na bawaba, ili kifuniko kikivutwa hewa ipate mlango wake na isipitie kwenye poda. Wifi akafyatua. Hakuna. Akagusa sponji kidogo, nailoni ikabonyea, na sponji likatoka na mduara wa rangi ya karanga, mzuri, wa kutosha shavu moja. Kisha akakitupa kikebe ndani ya mkoba wake, kati ya filimbi, funguo na saa ya kupimia mbio, akapanda na kushuka ngazi kwa kishindo mpaka jirani wa chini akagonga dari yake. Mkoba ulipofunguliwa, vitu vyote vilikuwa na nyuso zao za asili.

Lilibaki la chuma. Asubuhi walifika karakana wote wanne. Wifi alikuwa ameomba ruhusa shuleni, akidai ana jambo la kifamilia. Fundi wa kalibu alikunjua mchoro mpya, na uso wake ukakunjamana.

"Huu siyo niliousoma. Vyombo vya kutoboa vitundu nimeshavifunga kwenye mashine. Hii pete imetoka wapi?"

Penseli alimpa kikebe cha kwanza, kile cha vitundu, akasema, "Kifungue."

Fundi alikifungua kwa mikono yake ya nyundo na patasi. *Pfu.* Ndevu zake na aproni yake nyeusi vikawa na rangi ya karanga. Kijana wa mashine ya pili alizima mashine ili acheke vizuri. Penseli akamnyooshea fundi kikebe kipya, na fundi akakitazama kama mtu aliyekwisha kuumwa na nyoka, akakishikia mbali na uso wake, akakifyatua. Akakifyatua tena. Akakitikisa sikioni. Akabonyeza nailoni kwa kidole, akakitazama kidole.

"Pete ni rahisi kuliko vitundu," alisema mwishowe. "Mngeniambia mapema ningelala vizuri." Akaanza kuvifungua vyombo vya kutobolea. Kisha akasita, akamtolea Shangazi kile kipya. "Lakini poda ni yako, mama. Sianzi mpaka ukifungue wewe. Na usikifungue kama unavyokishika hivyo. Fungua kama umechelewa."

"Mimi sijawahi kuchelewa," alisema Shangazi.

"Jaribu tu."

Shangazi alikishika kwa mkono mmoja. Wifi alimnong'oneza, "Mguu mmoja uko kwenye kiatu." Shangazi akafumba macho, akavuta pumzi, akafyatua. Alingoja. Alipofumbua jicho moja alikutana na lake mwenyewe kwenye kioo, safi, limemtumbulia.

"Chonga," alisema.

Fundi alifunga bamba la chuma, akapima, akapima tena, akashusha kisu. Mlio ulijaa karakana yote, na nyuzi za chuma zikaanza kujikunja na kuanguka. Shangazi alisogea karibu na sikio la fundi akapaza sauti, pengine kwa mara ya kwanza maishani.

"Na kama kuna kitu tumekosea bado?"

"Umechelewa, mama," fundi alijibu kwa sauti kubwa, bila kuondoa macho kwenye kisu. "Sasa hakikosewi tena. Sasa ndivyo kilivyo."