Matofali ya Plastiki ya Benjamini

Mkwe wangu Lwitiko amesoma. Nalisema mapema nisije nikaonekana sina adabu mbele ya msomi. Ni mtu wa Mbeya, kaajiriwa serikalini, ana kalamu tatu mfukoni na zote zinaandika. Mwezi wa sita mke wake, yaani mwanangu Bertilla, alinipigia simu kuniambia kwamba mtoto wao Benjamini anatimiza miaka miwili Jumapili, na kwamba zawadi ziwe vitu vya kuchezea vya kujengajenga, kwa sababu Lwitiko amesoma mtandaoni kuwa vinafungua akili.

"Vya kujenga," nikasema. "Kama vipi?"

"Vile vitofali, baba. Mtoto anapanga, anabomoa, anapanga tena."

Mimi Polikarp ni fundi mwashi. Nina miaka thelathini na moja napanga tofali hapa Sumbawanga, nusu ya nyumba za mtaa wa Malangali zimepita kwenye mwiko wangu, na akili yangu bado inasubiri kufunguliwa. Lakini sikubisha, maana Bertilla hakuwa amemaliza. "Na Jumatatu," akasema kwa sauti ya chini, "fundi Masunga anakuja kuangalia ule ukuta."

Hapo nikaketi chini na simu yangu.

Ule ukuta uko mtaa wa Kizwite, kwenye nyumba ya Lwitiko, niliyoijenga mimi mwenyewe bila kuchukua hela ya ufundi. Januari, mvua zilipochanganya, ukatokea ufa kwenye kona ya chumba cha mtoto, kuanzia juu ukishuka moja kwa moja. Nikaenda, nikautazama, ukucha ulikuwa unaingia. Nikawaambia ni plasta tu, nyumba mpya lazima itulie, lalani usingizi. Lwitiko akasema kwa adabu zake zote, "Baba, labda tumwite na fundi mwingine atazame." Fundi mwingine! Nikachukua kofia yangu nikasusa. Miezi mitano sikukanyaga Kizwite. Kwa ule ufa nikausingizia udongo, nikayasingizia matetemeko, nikayasingizia malori, na siku moja nikaisingizia saruji, ambayo haina ndugu wa kuitetea.

Sasa Masunga. Huyo ni fundi wa rika langu, na mdomo wake ni mkubwa kuliko mwiko wake. Akikwangua plasta ya ile kona ataona kitu, na kabla ya saa sita mchana stendi nzima itakuwa na habari, na baada ya hapo mimi nitapewa kazi ya kujenga mabanda ya kuku. Kwa hiyo nilitaka jambo moja tu: Jumapili tupatane, ili Jumatatu Masunga asije. Nilikuwa naenda kumhonga mtu wa miaka miwili.

Jumamosi nikashuka mjini. Kuna duka linauza ndoo, mablanketi, maua ya plastiki na wanasesere wanaolia ukiwabonyeza tumbo. Muuzaji ni binti anaitwa Faith.

"Shikamoo mzee, karibu. Mtoto ni wa kike au wa kiume?"

"Marahaba. Kwani tofali lina jinsia?"

Akacheka, akaleta boksi la kwanza. Vipande mia tatu, kila kimoja kama punje ya hindi. Nikamuuliza hivi ni vya kujenga au vya kukaanga.

"Hawali, mzee. Watoto wa siku hizi wanajua."

Wanajua! Benjamini alikula kifungo cha shati langu akiwa na mwaka mmoja, tukakisubiri siku mbili kwenye poti. Nikamwambia Faith ameze kimoja yeye kwanza. Akarudisha boksi. Akaleta katapila la plastiki lenye taa. Nikamweleza kwamba katapila linabomoa, na mimi nimeagizwa kujenga. Akaleta vipande vya mbao vilivyopakwa rangi. Nikakwangua kwa ukucha, rangi ikabaki kwenye ukucha. Mtoto atakunywa hiyo rangi pamoja na uji wake wa ulezi, msomi ataniandikia barua.

La mwisho lilikuwa boksi la matofali makubwa ya plastiki, kila moja kama kipande cha sabuni ya kufulia, hata mimi nisingelimeza. Juu yana vinundu, chini yana matundu, yanashikana bila saruji. Nikatoa futi yangu mfukoni nikapima matano. Yamelingana mpaka milimita. Naapa, sijaona tanuru Ufipa nzima likitoa matofali mawili yanayofanana, na haya yametoka huko yalikotoka yakiwa mapacha. Nikapanga kozi mbili, safu juu ya safu, pale kaunta, nikafumba jicho moja kuangalia mstari.

"Mzee, unajenga ghorofa?" akaguna mama mmoja nyuma yangu na ndoo zake.

"Subiri nifike lenta, juu ya madirisha, nitakupisha."

Nikalipa. Niliyapenda yale matofali, na kuyapenda kulinikera.

Nyumbani mke wangu Silvana akaligeuzageuza lile boksi. "Kwa hiyo kesho unaenda kuomba msamaha?"

"Naenda kwenye sherehe."

"Haya."

Silvana akisema haya, mazungumzo hayajaisha, yameahirishwa. Bahati nzuri Jumapili alikuwa na kikao cha wanawake parokiani, akasema atanifuata baadaye. Baada ya misa nikaenda peke yangu.

Jua lilikuwa linawaka na upepo ulikuwa unakata masikio, hali yetu ya kila mwaka. Benjamini alikuwa amevalishwa masweta mawili. Aliponiona akajificha nyuma ya kitenge cha mama yake, akanichungulia kwa jicho moja kama anachungulia askari wa mgambo. Iliniuma. Sizunguki, iliniuma sana. Mtoto niliyekuwa nambeba mgongoni! Miezi mitano kwangu ni hasira moja tu, kwake ni karibu robo ya maisha.

"Shikamoo baba," Lwitiko akanipokea kwa mikono miwili. "Ulitupotea mno."

"Marahaba, mkwe. Kazi."

Kazi! Nilikuwa nimeshinda nyumbani nanoa panga ambalo halikuwa butu.

Tukala pilau. Kisha boksi likafunguliwa mkekani, na Benjamini akasahau kwamba mimi ni askari wa mgambo. Akachukua tofali, akaweka juu ya tofali, juu ya tofali. Mnara mmoja. Akajenga wa pili kando yake, umegusana na wa kwanza lakini haujashikana nao. Wazazi wakapiga makofi. Mimi nikajaribu kunyamaza, Mungu ni shahidi wangu, nikashindwa.

"Hapana, mume mwenzangu," nikamwambia, nikashuka mkekani na magoti yangu yote. "Hujajenga ukuta hapo, umepanga foleni. Tofali la juu linakalia jointi ya chini, pale mawili yanapokutana. Haya, ona. Na kona? Kona ndiyo nyumba. Ukuta huu unaingiza tofali kwa mwenzake, na mwenzake anaingiza kwake, kama vidole vya mtu anayesali."

Nikamjengea kona. Akaisukuma kwa mkono, ikakaa. Akaisukuma kwa kichwa, ikakaa. Akageukia minara yake miwili, akaigusa tu, mmoja ukamwangukia mapajani. Akacheka mpaka akapaliwa, halafu akaja akakaa kwenye paja langu kama vile hatukuwahi kuachana.

Lwitiko naye akashuka mkekani na suruali yake ya ofisini. "Kumbe ndivyo kona inavyofungwa! Sisi tuna mwalimu nyumbani, tunahangaika na mitandao." Akainamisha kichwa. "Baba, nilikukosea. Ulituambia ni plasta, mimi nikaanza kutafuta watu wa pembeni. Masunga nitampigia asije."

Nilikuwa nimeshinda. Ungeniona nilivyokunja uso wa huruma, kama askofu anayesamehe.

Benjamini akaanza kusinzia, tofali la manjano mkononi. Bertilla akanyoosha mikono amchukue. Mtoto akakataa, akanishika kola, akasema, "Babu." Basi nikambeba mwenyewe mpaka chumbani kwake.

Kitanda kilikuwa kwenye ile kona. Juu ya ufa walikuwa wametundika kalenda ya kanisa. Nikaisogeza kwa kidole. Ukucha wa Januari ulikuwa umekuwa kidole gumba kizima, na upepo wa nje ulikuwa unapita. Matofali ya juu yalikuwa yameanza kuinamia kitanda.

"Mbona mnamlaza hapa?" nikauliza.

"Upande ule wa dirisha kuna baridi, baba," Bertilla akasema. "Na si ulisema ni plasta tu?"

Alisema bila lawama yoyote, ndilo lililoniua. Walikuwa wamemlaza mtoto chini ya neno langu.

Ningeweza kutoka pale na ushindi wangu. Nilimtazama yule mtoto, mate yanamtoka kwenye sweta langu, nikarudi nyuma hatua mbili kutoka kwenye ile kona.

"Usimlaze humu," nikasema. "Leo wala kesho. Mwite mume wako."

Lwitiko akaja. Nikawaambia. Ule ukuta wa kaskazini niliupandisha mpaka lenta, kisha tajiri mmoja wa Chala akaniita kumjengea duka, nikaacha kila kitu nikaenda. Nilikuwa na haraka, kuanzia kozi ya nne sikuacha meno ya kuunganishia ukuta wa pili. Niliporudi baada ya wiki tatu, kuchonga hayo meno kungekula siku mbili, na tajiri alikuwa ananipigia simu kila saa. Basi ukuta wa mashariki nikausimamisha kando ya mwenzake, nikajaza saruji katikati, nikapiga plasta nzuri juu. Plasta yangu inasifiwa mji mzima.

"Ulijua?" Lwitiko akauliza.

"Nilijua."

"Tangu Januari?"

"Tangu siku niliyoujenga."

Bertilla akamtoa mtoto mikononi mwangu. Alimtoa polepole, kidole kimoja kimoja kwenye kola. Angenipokonya ningejisikia nafuu. Akatoka naye hadi uani, hakunitazama. Mimi na Lwitiko tukakishika kitanda, yeye upande huu mimi upande ule, tukakitoa mpaka sebuleni. Hakuniita baba wala mzee. Akatoa simu, akapiga, akaweka spika.

"Fundi Masunga, njoo leo, sio kesho."

"Leo Jumapili, bosi. Na mzee mwenyewe anasemaje? Si aliapa pale stendi kwamba ni tetemeko?" Akacheka kicheko chake kile.

Lwitiko akaninyooshea simu. Hakuwa na hasira usoni, alikuwa anasubiri kuona mimi ni mtu wa namna gani. Nikaichukua.

"Masunga, Polikarp hapa. Njoo na miti minne ya kuegemeza na turubai. Anzia kona ya kaskazini. Kuanzia kozi ya nne kwenda juu, hakuna tofali lililoingia kwa mwenzake."

Kicheko kikakatika. "Umejuaje, mzee, na plasta haijabanduliwa?"

Bertilla alikuwa amesimama mlangoni, mtoto begani.

"Nilijenga mimi," nikasema, kwa sauti ya kumfikia. "Nikaacha hivyo makusudi, halafu nikawaambia wamlaze mtoto."