Koti Jeupe na Ini la Shangazi

Wananchi, wagonjwa, na nyinyi mnaojidhani wazima! Natangaza rasmi kwamba Alhamisi iliyopita niliteuliwa kuwa daktari. Aliyeniteua ni koti la maabara ya kemia, na wadhifa huo niliushika kuanzia mlango wa choo cha wanaume hadi mwisho wa ukumbi wa kusubiri.

Chanzo ni ini la shangazi yangu, fundi cherehani aliyenilea. Virusi vya homa ya ini vilimwingia zamani bila hodi, vikalijaza ini makovu. Anaishi navyo kama mtu anayeishi na mpangaji mkorofi asiyefukuzika. Safari hii tumbo lilikuwa limejaa maji hata hawezi kuinamia cherehani. Kila asubuhi alijipima kiuno kwa tepu ya wateja, akicheka. Baadaye akawa anajipima tu.

Daktari bingwa wa ini huja hospitalini mara moja kwa mwezi. Ukimkosa, rudi mwezi ujao, wewe na maji yako.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Hospitali yetu imeboresha: siku hizi anaulizwa pombe.

"Mama, unakunywa?" daktari kijana wa zamu aliuliza bila kuinua macho.

"Chai."

"Pombe, mama."

"Mwenzako wa mwezi jana aliniuliza. Na aliyemtangulia. Sasa mnataka nianze, ili msione mnauliza bure?"

Akatutuma kwa bingwa. Nesi wa mlangoni akatuzuia: bingwa hamwoni mtu bila picha ya tumbo. Chumba cha picha wakasema hawapigi picha bila agizo la bingwa. Tukapigwa danadana, shangazi akishikilia ukuta, miguu imevimba hata viatu vimemkataa. Mwishowe akajitupa kwenye benchi.

"Twende nyumbani, mwanangu. Ini hili nitalishona mwenyewe."

Hakuwa anatania. Hapo ndipo nilipoingia chooni na begi langu la shule, nikatoka daktari.

Lo! Mlinzi aliyekuwa akinifokea nisiegemee ukuta alinipigia saluti. Nikamshika shangazi mkono hadi chumba cha picha.

"Huyu mama apigwe picha ya tumbo sasa hivi," nikasema kwa sauti ya mwalimu wa nidhamu.

"Sawa, dokta."

Hakuna aliyeuliza agizo. Shangazi akapakwa jeli ya baridi, akinitazama kama shati ambalo mikono yake imeshonwa nyuma mbele.

Cheo kilianza kuninogea, mpaka nesi aliponivuta kando. "Dokta, yule mzee aliyevimba miguu, nimwongezee dawa ya mkojo?"

Mzaha una mipaka, na mipaka ya huu ilikuwa miguu ya yule mzee.

"Msubiri bingwa," nikasema. Akanishukuru kwa busara.

Bingwa mwenyewe akatokea, mama mfupi mwenye miwani inayoning'inia shingoni, picha ya shangazi mkononi. "Nani kaagiza hii?"

Nesi akaninyooshea kidole kwa heshima zote. "Daktari mpya."

Nikageuka nitoroke. Kumbe koti lile lilikuwa takatifu upande wa mbele tu. Mgongoni, kwa wino usiofutika, palikuwa pameandikwa: BINGWA WA KUKOROMA, BWENI LA CHUI.

Mama bingwa akayasoma maneno hayo kwa sauti, polepole, kama majibu ya vipimo. Ukumbi ukaangua kicheko, na shangazi pia, kakumbatia tumbo.

"Haya, bingwa mwenzangu, ini liko upande gani?"

"Upande wa... shangazi."

Akainua picha kwenye mwanga, na uso ukambadilika. "Maji haya hayasubiri hata wiki. Nesi, mtafutie mama kitanda, tuyatoe leo."

"Lakini bingwa, utaratibu—"

"Kitanda, dada."

Nikashusha pumzi, nikaanza kuvua koti kiungwana. Bingwa akashika mfuko wa koti wenye nembo ya shule.

"Hii si shule anayosoma mwanangu? Mbona yeye hajarudi nyumbani? Likizo gani hii?"

Shangazi akaacha kucheka. "Wewe si uliniambia mmefunga?"

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu iliishia kwenye benchi la wagonjwa.

"Hatujafunga, shangazi. Nimeruka ukuta. Kwenye simu ulisema utakuja peke yako, na nilisikia unavyohema."

Mkono wa shangazi ukanijia taratibu, nikadhani ni wa kunibariki. Ukalishika sikio.

"Na koti?"

"La kiranja wetu. Mkoromaji ni yeye."

"Na maandishi ya mgongoni?"

Akalisokota sikio kidogo.

"Maandishi ni yangu, shangazi."