Umesahau Mkono

Koti la Msimamizi lilinifika magotini. Sijafungua hata kinywa, tayari kiwanda kizima cha sabuni kinashika mbavu.

Ndiyo ilikuwa desturi yetu. Anayestaafu huketishwa mbele, huvuliwa koti la kazi, na mimi, Kasuku, hulivaa na kumwigiza machoni pake hadi chai iishe. Nasikia wafalme wa kale, huko na huko duniani, walifuga mtu wa kuwacheka usoni na asikatwe kichwa. Sisi hatukuwa na mfalme. Tulikuwa na Msimamizi, mtu mkavu kiasi kwamba, naapa, nzi akitaka kutua kwenye paji lake aliomba radhi kwanza; na siku hiyo ndiye aliyekuwa akistaafu.

Nikaigiza mwendo wake wa jogoo aliyekanyaga kaa la moto. Nikaigiza anavyonusa mche wa sabuni kana kwamba umeleta posa kwa binti yake. Akina mama wa kufungasha wakatokwa na machozi. Yeye hakutikisa hata nyusi.

Kisha nikachukua kikombe chake, nikanywa, nikakirudisha mezani taratibu, bila kishindo.

Kicheko kikapwaya. Kila mmoja pale alijua. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kutetemeka zamani. Waya wa kukatia miche akawaachia wengine, akidai macho yamechoka, na mkono wenyewe akauzika mfukoni. Hakuna aliyewahi kuutaja. Nami nikajiambia: mzaha una mipaka, mwache mzee aondoke na heshima yake.

"Kasuku," akasema. "Umesahau mkono."

"Mkono gani, mzee?"

"Usinifanye mtoto. Wote walionitangulia umewaigiza bila kuwapunguza. Mimi ndiye wa kuniacha nusu?"

Ningesema chai imeisha, na hakuna ambaye angenilaumu. Nikainua kikombe. Nikaacha mkono utetemeke. Kijiko kikagonga kikombe, ngri-ngri-ngri, chai ikamwagikia koti lake.



Msimamizi akautoa mkono mfukoni, akauweka mezani hadharani, ukicheza utakavyo. "Hapana, bwana," akasema. "Unaenda haraka mno. Hebu tazama." Akacheka. Ndipo kwa mara ya kwanza tukayaona meno yake.

Nilipostaafu mimi, sikutarajia kitu. Nani atamwigiza mwigaji? Mlango ukafunguka, akaingia yeye na mkongojo wake, akadai koti langu. Lilimbana. Na aliniigiza vibaya, jamani, vibaya kupita kiasi: mzaha anausahau katikati, sauti kama bawaba iliyokosa mafuta.

Mwishoni akaacha kuchekesha. Akaenda kusimama kando ya ukuta, akawatazama watu wakicheka, mdomo ameufumba, kama mtu anayedhani haonwi.

Sikujua kwamba kuna aliyewahi kuniona hivyo.

Aliporudi kuketi nikammiminia chai bila kuuhurumia mkono wake, kikombe kikajaa hadi ukingoni.